Vepu ipi inakula zaidi? Mwongozo kamili wa kupiga hesabu ya mwaka mmoja hadi mitatu

Mapema mwaka 2023 nilihama chumba hapa Leicester. Nilipokivuta kitanda, nyuma yake nikakuta mfuko wa plastiki umejaa vepu (sigara za kielektroniki) za kutupa, zile za rangi rangi ambazo zikiisha huna la kuzifanyia. Nikazimwaga sakafuni na kuzihesabu: 61. Kila moja niliinunua kwa pauni 5, na zilikuwa za kama miezi miwili tu. Pauni 305 zimelala sakafuni mbele yangu, na wiki ile ile nilikuwa nimempigia mama simu Tanga kumwomba asubiri kidogo hela ya bati.

Toka siku hiyo naandika kila ninachonunua. Nina daftari dogo la jikoni lenye bei, tarehe na mililita, na mwongozo huu umetoka humo. Bei nitakazotaja ni za Uingereza, za maduka ya mtaani kwetu. Kama za kwako zinapishana na zangu, badilisha tarakimu. Njia ya hesabu haibadiliki.

Kabla hatujaanza, niseme haya wazi. Naandika kwa mtu mzima aliyekuwa mvuta sigara akahamia vepu, au anayefikiria kuhama. Huduma ya afya ya hapa, NHS, inasema vepu ina madhara madogo kuliko sigara lakini si salama kabisa, na haimfai asiyevuta wala mtoto. Ikiwa hujawahi kuvuta, gharama yako leo ni sifuri. Tafadhali ibakize hapo hapo. Nikotini ni nira, na ukishaivaa utailipia kila siku.

Hatua ya kwanza: jua unamaliza mililita ngapi kwa siku

Watu wengi wakitaka kulinganisha vepu huangalia bei ya kifaa. Hapo ndipo tunapoliwa. Ni kama printa ya ofisini: mashine unaipata kwa bei chee, halafu wino unakukamua miaka yote. Kwenye vepu, wino ni ile juisi, yaani kimiminika kinachogeuzwa mvuke. Kwa hiyo namba ya kwanza unayoihitaji ni mililita za juisi unazomaliza kwa siku moja.

Usihesabu mapafu, yaani idadi ya mivuto. Boksi likiandikwa 600, hiyo ni hesabu ya mashine iliyovuta kwa sekunde chache zilizopangwa. Mimi navuta pafu refu, jirani yangu anavuta fupi kama anayeonja chai ya moto. Mililita hazina ubishi.

Namna ya kupima ni hii. Kwa sheria ya mwaka 2016, podi (kikasha kidogo cha juisi) au tangi la vepu linalouzwa Uingereza halizidi mililita 2, na chupa ya juisi yenye nikotini haizidi mililita 10. Sheria hiyo imekurahisishia kazi. Ukitumia podi zilizojazwa tayari, hesabu ulizomaliza kwa siku saba, zidisha kwa 2, gawanya kwa 7. Ukitumia ya kujaza, chukua kipande cha selotepu ya karatasi, kibandike kwenye chupa mpya na uandike tarehe uliyoifungua. Chupa ikiisha, andika tarehe ya pili chini yake. Chupa iliyodumu siku tano ni mililita 2 kwa siku. Iliyodumu siku tatu na kidogo ni 3.

Fanya hivyo wiki mbili mfululizo, na ndani yake iwepo angalau wikiendi moja. Siku za kazi zinadanganya. Mimi nikiwa zamu ghalani nilikuwa natumia mililita moja na nusu. Jumamosi mbele ya mpira, karibu tatu.

Hatua ya pili: fahamu aina, na kila moja inakutoza wapi

Vepu za kutupa zimeshaondoka kisheria. Tangu tarehe 1 Juni 2025 ni marufuku kuziuza Uingereza nzima. Ila tabia yake haijaondoka: kulipa pauni 5 au 6 kila siku mbili bila kuhisi uchungu. Ndani ya nyingi ya zile 61 zangu mlikuwa na betri ya lithiamu ya kuchajika, ila hazikuwekewa tundu la chaja. Nililipia betri 61 nikatumia kila moja mara moja. Ukiwa unazo kwenye droo, usizitupe na taka za jikoni, maana betri hizo huwasha moto kwenye malori ya taka. Duka linalouza vepu linapaswa kuzipokea za zamani, kwa hiyo zipeleke huko.

Za podi zilizojazwa tayari ndizo zilizorithi wateja wa zile za kutupa. Unanunua kijiti chenye betri, kisha unanunua podi mbili mbili. Hizi zinanikumbusha mafuta ya kula ya kupimiwa kwa Mangi: unaondoka na kidogo cha leo, unajiona umetumia kidogo, na mwisho wa mwezi umelipa bei ya dumu mara mbili.

Katikati zipo zinazouzwa kama kifurushi kikubwa: kifaa, podi ya mililita 2, na kichupa cha mililita 10 kinachojipachika juu yake na kuijaza. Jumla mililita 12. Kisheria zinahesabika za kutumika tena kwa kuwa zinachajika na zinajazika, ingawa watu wengi ninaowajua hutupa kifurushi kizima kikiisha kwa kuwa kujazia kwake hakupatikani duka la karibu.

Za podi ya kujaza mwenyewe unazimiminia juisi kutoka kwenye chupa yako, na podi unaibadilisha koili yake (waya wa kupashia juisi moto) ikichoka. Za tangi na koili ya kubadilisha, aina ya kuvuta taratibu kama sigara, ni ndugu yake mkubwa: kifaa kirefu, tangi la kioo, na koili peke yake ndiyo inayotupwa.

Halafu kuna zile kubwa za mawingu, zenye koili ya omu ndogo (upinzani mdogo wa umeme) na betri moja au mbili za kutoa, za saizi iitwayo 18650. Mvuke wake unaingia kifuani moja kwa moja, na juisi yake ina nikotini kidogo, kwa kawaida miligramu 3 kwa mililita. Wanaojisokotea koili wenyewe kwa waya na pamba wapo pia, na koili yao inawagharimu peni chache tu. Juisi lakini wanamaliza ile ile ya watu wa mawingu, kwa hiyo wasomee hesabu huko.

Hatua ya tatu: mifuko minne ya gharama

Chukua karatasi, chora safu nne.

Safu ya kwanza ni juisi: mililita zako za siku, mara bei ya mililita moja, mara 365. Bei ya mililita unaipata kwa kugawanya bei ya chupa au pakiti kwa mililita zilizomo. Fanya hivyo hata kwa ofa. "Nunua tatu kwa 10" ni mililita 30 kwa pauni 10, yaani peni 33 kwa mililita. Podi mbili kwa pauni 6 ni mililita 4, yaani pauni 1 na peni 50 kwa mililita. Ukishaziweka namba hizo mbili pamoja, nusu ya mwongozo huu umeshausoma.

Safu ya pili ni koili au podi tupu: bei ya moja, mara idadi unayomaliza kwa mwaka.

Ya tatu ni kifaa chenyewe, umegawanya bei yake kwa miaka kitakayodumu. Betri ndogo za lithiamu huanza kuchoka baada ya kuchajiwa mara mia tatu hivi na kuendelea. Kifaa kidogo unachokichaji kila siku kihesabie mwaka mmoja. Kikubwa chenye betri za kutoa kinadumu zaidi kwa sababu unabadilisha betri tu.

Ya nne watu huisahau: hasara. Kifaa kilichosahaulika kwenye basi, podi iliyovuja ndani ya koti, juisi ya ladha uliyoshindwa kuivumilia. Mwaka wangu wa kwanza ilinila pauni 43. Kwenye mifano ya hapo chini sitaiingiza, kwa kuwa ya kila mtu ni yake. Wewe iingize.

Hatua ya nne: hesabu yenyewe, aina kwa aina

Nimchukue mtu mmoja aliyekuwa akivuta pakiti kwa siku. Pakiti ya 20 hapa sasa ni kama pauni 16, kwa hiyo alikuwa anachoma pauni 5,840 kwa mwaka. Amehamia vepu yenye nikotini ya miligramu 20 kwa mililita, kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa hapa, na anatumia mililita 2 kwa siku.

Kwa podi zilizojazwa tayari, mililita 2 kwa siku ni podi moja kila siku. Kwa mwaka ni podi 365, na kwa pauni 6 kila mbili inafika pauni 1,095. Ongeza kijiti cha pauni 10, mara mbili kwa mwaka maana vinapotea na kuchoka haraka. Jumla pauni 1,115.

Kile kifurushi cha mililita 12 kwa pauni 12 ni pauni moja kwa mililita, hivyo pauni 730 kwa mwaka. Kifaa kimo humo humo.

Kwa podi ya kujaza, chupa ya mililita 10 ya chumvi ya nikotini (juisi ya nikotini isiyokwaruza sana koo) kwa pauni 3 na nusu ni peni 35 kwa mililita. Kwa siku peni 70. Kwa mwaka pauni 255 na nusu. Podi tupu ya pauni 3 ibadilishwe kila siku kumi: podi 37, pauni 111. Kifaa pauni 20 kila mwaka. Jumla kama pauni 387.

Hebu simama hapo. Mtu yule yule, mililita zile zile, nikotini ile ile: tofauti kati ya 1,115 na 387 ni karibu pauni 730. Kitu pekee alichobadilisha ni kukubali kufungua kizibo na kumimina mwenyewe, kazi ya nusu dakika.

Kwa tangi la kuvuta taratibu mambo yanaanza kupinda. Koili zake ni nafuu, pakiti ya tano kwa pauni 11, na moja inamaliza wiki mbili: pauni 57 kwa mwaka. Kifaa cha pauni 35 kikidumu miaka miwili ni 17 na nusu kwa mwaka. Lakini wengi huweka juisi ya miligramu 12, na mwili unaidai ile nikotini uliyoizoea, kwa hiyo mkono unakwenda mdomoni mara nyingi zaidi. Chukua mililita 3 kwa siku: mililita 1,095, kwa peni 35, pauni 383. Jumla pauni 458. Koili imekuwa nafuu lakini juisi imemeza akiba yote.

Vepu ya mawingu ndiyo inayodanganya kuliko zote, na wengi huambiwa ndiyo ya bei nafuu kwa kuwa juisi yake ni ya chupa kubwa. Sheria ya mililita 10 inahusu juisi yenye nikotini tu, kwa hiyo dukani kuna chupa za mililita 60 zilizojazwa 50 zisizo na nikotini. Unaongeza mwenyewe kichupa cha mililita 10 chenye miligramu 18, unatikisa, unapata mililita 60 za miligramu 3. Pauni 11 chupa, pauni 1 kichupa: pauni 12, peni 20 kwa mililita. Kwa macho ni bei nzuri mno. Sasa mpe mtu wa mawingu wiki moja na uhesabu: mililita 10 kwa siku ni jambo la kawaida kabisa. Kwa mwaka ni 3,650, pauni 730. Koili ya pauni 3 na nusu kila wiki ni pauni 182. Kifaa cha pauni 60 kwa miaka miwili ni 30, na jozi ya betri kila mwaka 12. Jumla pauni 954.

Hatua ya tano: weka ushuru ndani ya hesabu

Hapa ndipo hesabu ya muda mrefu inapotofautiana na ya leo. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 Uingereza inatoza ushuru wa vepu: pauni 2 na peni 20 kwa kila mililita 10 za juisi, iwe na nikotini au isiwe nayo. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 20 inakaa juu yake, kwa hiyo kikifika kwa mteja ni pauni 2 na peni 64 kwa mililita 10, au peni 26.4 kwa mililita.

Angalia vizuri namna ushuru huu ulivyokatwa. Hautazami bei, unatazama ujazo. Pakiti ya podi mbili inapanda kutoka pauni 6 hadi kama 7 na peni 6. Chupa ya pauni 3 na nusu inapanda hadi 6 na peni 14. Ile ya mililita 60 ya mawingu, iliyokuwa pauni 12, inabeba ushuru na VAT yake wa pauni 15 na peni 84, inafika karibu pauni 28.

Nimeirudia hesabu nzima nikichukulia kwamba muuzaji anaupitisha ushuru wote kwa mteja:

| Aina | Mwaka, kabla ya ushuru | Mwaka, na ushuru | Miaka mitatu, na ushuru |
|---|---|---|---|
| Podi zilizojazwa, ml 2 kwa siku | £1,115 | £1,308 | £3,924 |
| Kifurushi cha ml 12, ml 2 kwa siku | £730 | £923 | £2,769 |
| Podi ya kujaza, ml 2 kwa siku | £387 | £580 | £1,740 |
| Tangi la taratibu, ml 3 kwa siku | £458 | £747 | £2,241 |
| Mawingu, ml 10 kwa siku | £954 | £1,918 | £5,754 |

Mawingu, iliyokuwa nafuu kuliko podi zilizojazwa, imeruka kuwa ghali kuliko zote. Miaka yake mitatu inakaribia mwaka mmoja wa pakiti ya sigara kwa siku. Nina rafiki ambaye kifaa chake cha betri mbili anakipenda kama watu wanavyopenda pikipiki, anakifuta kwa kitambaa kila jioni. Nilipomwonyesha mstari huo wa mwisho alinyamaza muda, kisha akaniuliza bei ya podi ya kujaza.

Podi ya kujaza yenyewe imebaki ya chini, na pengo lake na podi zilizojazwa halijapungua. Ukiniuliza leo ununue ipi, ndugu yangu, jibu langu ni hilo, na sioni hali ya kawaida inayolipindua, isipokuwa kwa mtu ambaye mikono yake au macho hayamruhusu kumimina kwenye tundu dogo.

Hatua ya sita: usipunguze nikotini kwa haraka ukidhani unaokoa

Hili nililifanya mwenyewe. Nilitoka miligramu 20 nikaruka hadi 6, najisifu kwamba naelekea kuacha. Mwezi ule chupa zilikwisha kwa kasi hadi nikadhani kifaa kinavuja. Kilikuwa hakivuji. Mwili ulikuwa unatafuta nikotini yake kwa kuvuta zaidi.

Hesabu yake ni rahisi. Mililita 2 za miligramu 20 ni miligramu 40 ndani ya juisi. Kuzipata kwa juisi ya 10 inabidi umalize mililita 4. Watu wengi hawafiki huko, wanaishia katikati, labda 3. Lakini kila mililita moja ya ziada kwa siku, kwa peni 35 za juisi na peni 26.4 za ushuru, ni pauni 224 kwa mwaka.

Kwa hiyo shuka ngazi moja moja. Toka 20 hadi 15, hata kama ni kwa kuchanganya chupa mbili, kaa hapo mwezi, angalia tarehe kwenye selotepu. Chupa ikiendelea kudumu siku zile zile, shuka tena. Ikianza kuisha mapema, rudi ngazi moja na usubiri. Ukirudi ngazi hujashindwa. Kinachopaswa kukutisha ni kurudi kwenye sigara, kwa afya yako na kwa mfuko.

Na kama bado unavuta sigara, usikimbilie dukani kwanza. Uingereza, hasa England, ina huduma za bure za kusaidia watu kuacha sigara, na mwaka 2023 serikali ilitangaza mpango wa kuwapa wavutaji vifaa vya kuanzia bila malipo kupitia halmashauri. Piga simu kwa huduma ya eneo lako uulize. Hiyo ndiyo bei nzuri kuliko zote nilizoziandika hapa.

Hatua ya saba: refusha maisha ya koili

Koili ikiungua, ladha yake ni kama pamba iliyochomwa kwenye chemli, inakaa kooni mpaka jioni. Mara nyingi tunailaumu koili kumbe tumeiua wenyewe dakika ya kwanza. Ndani yake kuna pamba kavu. Ukijaza tangi na kuvuta hapo hapo, waya unachoma pamba kabla juisi haijafika. Jaza, weka mezani, subiri dakika kumi. Mimi naijaza kabla ya kuoga.

Juisi yenye sukari bandia nyingi, zile za ladha ya pipi na keki, huacha gamba jeusi juu ya waya. Fungua podi yako ya zamani na uitazame kwenye mwanga: pamba iliyokuwa nyeupe imekuwa kama kahawa iliyochemka mara mbili. Nilipohama kutoka ladha ya peremende tamu kwenda ya mnanaa mtupu, podi zangu zilitoka siku kumi zikafika karibu siku kumi na nane. Kwa mwaka hiyo ni kama pauni 50 iliyorudi mfukoni.

Linganisha pia uzito wa juisi na koili. Juisi nzito yenye gliserini nyingi ni ya koili kubwa za mawingu. Ukiiweka kwenye podi ndogo haipiti haraka na pamba inaungua. Nyepesi, yenye nusu gliserini na nusu propilini glaikoli (kimiminika chepesi zaidi), ndiyo ya podi. Ukiiweka nyepesi kwenye tangi la mawingu itakuvujia mfukoni.

Hatua ya nane: pasipofaa kubana pesa

Betri za kutoa zinunue duka linaloaminika, na ganda lake la plastiki likichanika usiitumie. Usiibebe mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Chuma kikigusa ncha zote mbili betri inaweza kuwaka hapo hapo pajani. Kiboksi cha kubebea hakifiki pauni 2.

Podi au tangi la zaidi ya mililita 2 linalouzwa hapa kwa bei ya kutupa ni la magendo, na hujui ndani wameweka nini. Najua kishawishi chake, nimesimama mbele ya kaunta hizo. Liache.

Juisi yenye nikotini ni sumu kwa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Mimi naiweka juu ya kabati la vyombo, ndani ya kopo la biskuti lenye kifuniko kigumu. Ikimwagika mkononi, nawa mara moja.

Ukivuka mpaka

Wasomaji wa Kenya, njia ni ile ile ila tarakimu ni nzito zaidi. Marekebisho ya kodi ya mwisho wa mwaka 2024 yalipandisha ushuru wa nikotini ya kimiminika ya vepu kutoka shilingi 70 hadi 100 kwa mililita. Mtu wetu wa mililita 2 kwa siku ana ushuru wa shilingi 73,000 kwa mwaka ndani ya bei, kabla muuzaji hajaweka faida yake. Wa mawingu ana shilingi 1,000 kila siku. Chupa ya juisi inayouzwa Nairobi kwa bei isiyofikia hata ushuru wake inakwambia yenyewe ilikopitia.

Uganda sheria yao ya tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuingiza na kuuza vepu kabisa, na Oman nako zimepigwa marufuku. Ukienda kuwasalimu ndugu Kampala au Maskati, acha kifaa nyumbani, kwa maana kukinyang'anywa ndiyo hasara ndogo kuliko zinazoweza kukupata. Kwenye ndege kifaa na betri vinakaa mkobani mwako, havishushwi kwenye mizigo ya chini.

Hatua ya mwisho: hesabu yako kila miezi mitatu

Rudi kwenye safu zako nne kila baada ya miezi mitatu na ujaze upya. Bei zinahama, na wewe unahama. Namba ya kuitazama kwanza ni mililita kwa siku. Ikiwa imepanda, tafuta sababu kabla ya kutafuta ofa: umeshusha nikotini ghafla, umebadilisha koili ukaweka ya omu ndogo zaidi, au umeanza kuivuta vepu kitandani usiku bila kujua.

Bati za mama zilipauliwa Agosti mwaka ule ule, na kaka alinitumia picha. Daftari liko hapa kando. Chupa iliyo juu ya kabati sasa ni ya miligramu 6, niliyoifikia safari hii ngazi kwa ngazi, na selotepu yake ina tarehe moja tu, ya siku kumi na moja zilizopita. Nimeinyanyua kwenye mwanga wa dirisha: imebaki chini kidogo ya nusu.